Kadi Isiyonunua Mbuzi

Karani wa benki aliigeuza ile kadi mbele na nyuma, akaikwaruza kwa ukucha aone kama rangi inatoka, kisha akauliza kwa adabu kama ni kitambulisho cha kazini.

"Si kitambulisho," Noah Munyao akasema. "Ni pesa."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ulikuwa mwisho wa mwezi, walimu wa milimani wameteremka kuchukua mishahara, na Voi nzima inajua kwamba mwalimu akisimama kwenye foleni, masikio yake hayasimami. Noah akaeleza kwa sauti ya chini. Kule Hamburg, Ujerumani, alikokuwa mpishi katika hoteli, mshahara wake ulikuwa ukiingia benki moja kwa moja. Benki hiyo ndiyo iliyompa kadi, na mama mmoja mwenye miwani alimwambia kwa kinywa chake kwamba inafanya kazi dunia nzima. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akaingia nayo ofisini kwa mkubwa wake, akakaa huko mpaka watu wakaanza kuguna. Alipotoka alikuwa ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha mtu kilichookotwa.

Wangeweza kuandika barua Nairobi, alisema, na Nairobi waandike Ujerumani, na Ujerumani wajibu. Labda mwezi. Labda miwili.

"Lakini aliniambia dunia nzima."

"Labda ni kweli, mzee. Sisi hapa ni tawi dogo."

Mwalimu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Noah akairudisha kadi katika mfuko wa ndani wa koti, akaufunga kwa kifungo, akatoka akiwa amenyoosha shingo. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumamosi watu kutoka Mghange, milimani kwa Wataita, wangeteremka na mbuzi kuja kumposa binti yake, Mable, na kabla ya Jumamosi Noah alitakiwa awe amepeleka mbuzi wake mwenyewe.

Jambo lenyewe kila Mkamba analijua, na Wataita wa Voi wamelisikia mara nyingi kiasi cha kulijua pia. Mtu akioa Ukambani anapeleka mbuzi wa ntheo, majike wawili na beberu, na mpaka mbuzi hao wafike, mke ni wa nyumbani kwao. Hata akizaa, akajenga, akazeeka. Noah alimchukua Susan Mutindi kwa ahadi, ahadi ikapanda meli naye pale Kilindini. Sasa binti amekua, amepata mchumba, mwalimu kijana anayeitwa Stephen, na sheria haibembelezi: baba ambaye hajalipia mama hawezi kupokea mbuzi wa binti. Mbuzi hao huenda kwa wajomba. Na pamoja na mbuzi huenda neno, kwa sababu anayepokea ndiye anayeitwa mwenye binti, leo na siku zote.

Ndiyo maana Noah alipanda ndege. Hakuja kutembea.

*

Nyumba yao ilikuwa Kaloleni, vyumba viwili na kibaraza, na tangu mwenye nyumba arudi haikuwahi kuwa tupu. Watu walikuja na kuku na wakaja mikono mitupu. Walikuja waliosoma naye na waliodai walisoma naye. Chai ilikuwa haitoki motoni. Kila aliyeingia aliondoka na kitu: shati, sabuni ya kunukia, kalamu. Redio kubwa ya kaseti, ile ya mikono miwili, alikuwa ameipata Maundu, kaka mkubwa wa Susan, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Noti alizokuja nazo mkononi zilikwisha kwa unga, nyama, nauli za wageni na ada ya mtoto wa mtu, na wakati zinakwisha Noah hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na kadi.

Usiku huo wa Jumatano Susan alimsikiliza akiwa amesimama, ufagio mkononi.

"Mwambie Maundu ukweli," akasema.

"Ukweli upi? Kwamba ninazo ila hazitoki?"

"Huo huo."

"Nani atauamini, mama Mable?"

Susan akafagia kidogo pale aliposimama. "Mimi mwenyewe sijui kama ninauamini," akasema.

Asubuhi Noah alikwenda kwa Mulei, rafiki yake wa zamani aliyekuwa akinunua mbuzi huko Maungu na kuwauza Voi. Alimkuta katikati ya mbuzi, amevaa gambuti. Akamwomba majike wawili na beberu, atamtumia pesa akishafika Ujerumani. Mulei alimwangalia viatu, akamwangalia koti, akaanza kucheka mpaka akashika mgongo wa mbuzi asianguke.

"Munyao, unanipima. Umesikia huko kwamba Mulei ana roho mbaya, ukaja kunipima."

"Sikupimi. Sina shilingi mfukoni."

"Na mimi nilikuwa nakuja kwako jioni," Mulei akasema, sasa hacheki. "Nataka kununua pikipiki. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kukuambia."

Wakatazamana hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake ni bahili. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa popote alipogusa. Waliokuwa na uwezo wa kumkopesha ndio waliokuwa wamepanga kumkopa, na mtu hawezi kumwamini maskini aliyevaa koti la Hamburg. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imefika stesheni kwamba Munyao anaomba mbuzi wa bure ili asiguse zake.

Aliyemletea tumaini alikuwa jirani yake, Gibson, Mtaita mmoja mwenye maneno matamu aliyekuwa dereva wa loji ndani ya mbuga. Alikuja kunywa chai, akaiona kadi juu ya meza pale Noah alipokuwa akiitazama kama mtu anayetazama mtoto mkaidi.

"Mbona hii naijua," Gibson akasema. "Wazungu wanalipia nayo kwetu kila siku ya Mungu."

Noah hakumaliza chai.

*

Loji ilikuwa juu ya jabali, na chini yake kulikuwa na kidimbwi ambapo ndovu wekundu kwa vumbi walikuwa wakija kunywa huku wageni wakiwapiga picha. Dinah, keshia, alikuwa msichana wa Wundanyi, mpole, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Aliipokea kadi bila kushangaa hata kidogo. Noah alipoona hivyo alitaka kumkumbatia.

"Hii tunachukua, mzee. Unataka chumba?"

"Nataka pesa."

Dinah akatabasamu kwa huruma. Kadi inalipia chakula, akamweleza, inalipia kitanda, na inalipia vinyago vya pale dukani. Shilingi haitoi. Alimwonyesha kile kichuma ambacho kadi inawekwa juu yake na karatasi, kinavutwa hivi na hivi, jina linabaki kwenye karatasi. Hapo hakuna mahali pa pesa kutokea.

Noah alikuwa amefikiria hilo njiani. Basi, akasema, kuna wageni wanaolipa taslimu. Yeye awalipie bili yao kwa kadi, wao wampe hizo taslimu. Kila mtu anapata chake, hakuna aliyeibiwa.

Dinah akaangalia mlango wa ofisi ya meneja. "Mzee, mwaka jana kuna mtu hapa alifungwa kwa pesa za wageni. Wanaita magendo. Nina mtoto."

Akamwacha Dinah, akaenda mwenyewe barazani. Pale kulikuwa na mume na mke, watu wazima, na alivyowasikia wakizungumza moyo ulimruka, kwa maana walikuwa Wajerumani. Aliwaamkia kwa Kijerumani cha jikoni, kile cha kukimbizana na masufuria, na akawaeleza taratibu kuhusu mke, mbuzi na binti. Yule bwana alimsikiliza kwa makini sana. Kisha akaufunga zipu mfuko wa kamera, akauweka katikati ya miguu, akainua mkono kumwita meneja.

Meneja hakupaza sauti. Wageni wa loji hawasumbuliwi, alisema.

"Na mimi ni mgeni," Noah akajibu. "Nina kadi."

"Basi agiza kitu."

Ilikuwa ni kumfukuza tu kwa heshima, lakini neno lile lilimkaa Noah kichwani. Akasimama pale akitazama wahudumu wakipita na sinia za nyama choma, samaki, matunda yaliyokatwa kama maua. Kadi inanunua chakula. Na wakwe ni watu wa kulishwa. Kama angewaleta hapa Maundu na wazee wawili, wale wakashiba katika kiti cha mzungu, je, wangekataa kumpa muda wa kufika Ujerumani na kutuma pesa? Mtu aliyeshiba kwako hakutolei macho. Alimwita Gibson, ambaye kesho yake angekwenda Voi na Landrova kuchukua mboga, wakapatana awapandishe wazee.

Aliporudi nyumbani na kumweleza Susan, Susan alimuuliza swali moja tu, kama hao wazee wataambiwa kwamba wanakwenda kula na si kupokea. Noah akasema wataambiwa hukohuko.

*

Ijumaa mchana Landrova ilipanda jabali ikitifua vumbi. Noah alikuwa ametangulia, amesimama ngazini, tai imekaa sawa. Akashuka Maundu, redio begani, hakukubali kuiacha nyumbani. Wakashuka wazee wawili na bakora zao. Halafu Gibson akazunguka nyuma, akafungua mlango, akamshika mkono bibi mmoja aliyejifunga leso mbili mpya.

Alikuwa Katuku, mama yake Susan.

Noah aliruka nyuma ya nguzo kama mtu aliyeona nyoka. Kwa Wakamba, mkwe na mama wa mke hawatazamani ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kula pamoja ndiyo kabisa, hata kusikia mwenzako anatafuna ni aibu. Hiyo ndiyo nthoni, na Noah alizaliwa nayo, lakini alikuwa ameishi muda mrefu mahali ambapo mtu hula na mama mkwe na kumkatia keki, na katika mipango yake yote hakukumbuka kusema wazi: mama asije.

"Nilimkuta amekwisha vaa," Gibson alimnong'oneza nyuma ya nguzo. "Anasema ameishi na ndovu hawa wakimlia mahindi maisha yake yote, na hajawahi kuona wanapokaa. Ningemwambia nini?"

Katuku naye alikuwa ameliona lile koti likipotea. Alijifunika leso kichwani na usoni, akabaki amesimama juani, hajui aende mbele au arudi garini. Mzungu mmoja kijana akampiga picha. Akasogea, akampiga nyingine.

Ukumbi wa kula ulikuwa mmoja tu. Ikabidi Dinah awapokee wageni na kuwaketisha, na mwenye karamu akajificha mlango wa jikoni, miongoni mwa vijana wanaoosha sahani. Kutoka pale aliona kila kitu. Aliona Maundu akipewa sahani tupu na kuelekezwa kwenye meza ndefu ya chakula, nyuma ya watalii waliovaa kaptura. Maundu aliishika ile sahani akangoja. Watu wakampita kushoto na kulia, wakijichotea. Yeye akangoja. Hatimaye akamuuliza Dinah ni nani atakayempakulia.

"Hapa kila mtu anajipakulia, mzee. Chochote unachotaka, na kurudia unaweza."

"Nimeitwa kwa mkwe wangu," Maundu akasema, "nijipakulie?"

Wale wazee wawili waliweka sahani zao chini. Dinah, Mungu ambariki, aliona mambo yanaharibika, akachukua sahani zote mwenyewe akazijaza. Wakala. Walikula vizuri, haina haja ya kudanganya, nyama ilikuwa laini na mmoja wa wazee alitia mikate miwili mfukoni. Katuku aligeuzwa uso ukutani, akala chini ya leso kwa vipande vidogo, akiacha kutafuna kila alipohisi mlango wa jikoni umetikisika.

Shida ilianza wakati wa bili. Dinah alikuja jikoni akanong'ona kwamba mwenye kadi lazima atie sahihi mbele yake, na meza yake iko ukumbini, karibu na mlango.

"Niletee hapa."

"Siruhusiwi, mzee. Meneja anaangalia."

Noah alifikiri kidogo. Kisha akaugeuzia ukumbi mgongo, akaingia kinyumenyume. Alitembea hivyo, koti zuri, tai haionekani kwa nyuma, mikono ikipapasa viti, akiwaomba radhi wazungu aliowagonga, mpaka kiuno kikagusa meza ya keshia. Ukumbi mzima uliacha kula. Katuku akavuta leso hadi kifuani. Noah akatia sahihi bila kugeuka, kwa mkono uliopindwa nyuma, na Dinah akaitazama ile sahihi na ile iliyo nyuma ya kadi, akasema taratibu kwamba hazifanani. Akarudia. Ya pili ikapita.

Halafu Dinah akainua simu. Kwa kiasi kikubwa kama hicho, alisema, lazima apige Nairobi waseme ndiyo. Akapiga, akasikiliza, akapiga tena. Simu ilikuwa imekufa. Askari mmoja akasema ndovu wameangusha nguzo upande wa mto, mafundi wameitwa.

"Basi tutangoja nyumbani," Noah akasema, akiwa bado ameutazama ukuta.

Meneja akaja na tabasamu lake. Kadi ingebaki pale. Wageni walikaribishwa kupumzika barazani mpaka simu ipone. Gari lisingeweza kutoka bila kikaratasi chake cha langoni, na kwa miguu, bila shaka wanaelewa, hapo ni mbugani.

*

Walikaa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa baraza kwenda mwingine. Wazee walisinzia. Chini, ndovu walikuja wakanywa, wakaenda zao, wakaja wengine, na hakuna aliyewazuia. Katuku alikuwa amewekwa pembeni, amewatazama mpaka macho yakachoka, na Noah aliketi upande wa pili wa ukuta kwenye makreti ya soda. Maundu ndiye aliyekuwa akienda na kurudi kati yao. Hakuwa mtu wa kelele.

"Niambie vizuri, mkwe," alisema, akiinama kwenye makreti. "Tumekula."

"Mmekula."

"Na chakula hakijalipwa."

"Kimelipwa. Ni kwamba Nairobi hawajasema."

"Na mpaka waseme hatutoki."

Noah akasukuma kreti kwa kisigino.

"Kwa hiyo sisi ni rehani," Maundu akasema. "Mama yangu ni rehani. Umemtoa kwake akiwa mzima, umemweka rehani kwa sahani ya wali."

Hapo Noah akaona hakuna kinachobaki ila ukweli, akausema wote: benki, barua ya Nairobi, Mulei, wale Wajerumani. Akamwomba miezi miwili tu. Maundu alisikiliza huku akikuna kidevu. Pengine aliamini. Watu waliokuwa wakimfahamu husema aliamini. Lakini alikuwa ameshashika sahani tupu mbele ya watu waliovaa kaptura, na hilo halikuwa na dawa.

Simu ilipona jua likiwa linaelekea kwenye milima. Dinah alisoma namba za kadi moja moja, akangoja, akaandika, akainua uso ukiwa umejaa furaha ya kweli.

"Imekubali, mzee. Haina shida hata kidogo."

Maundu akamuuliza ni kiasi gani. Dinah akasita, akamtajia. Maundu akamgeukia Gibson, kwa sababu Gibson alikuwa akibeba mifugo ya watu kwa lile gari na bei za soko alizijua. Kiasi hicho ni mbuzi wangapi Voi? Gibson angenyamaza angekuwa amefanya wema, lakini Gibson akiulizwa hujibu.

"Watano," akasema. "Wazuri."

Wazee walitazama bakora zao.

"Tumekula mbuzi watano," Maundu akasema, "na hakuna hata mmoja aliyefika nyumbani." Akaiweka redio begani. "Kesho nitapokea mimi."

Kutoka chini ya leso, upande wa pili wa ukuta, Katuku akazungumza kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Hakumwambia Noah, alimwambia mwanawe, kama inavyopasa. Mwambie mkwe wangu chakula kilikuwa kitamu, alisema. Mwambie sitamsimulia mtu nilivyokula.

Yeye hakusimulia. Gibson alisimulia. Kabla vyombo vya jioni havijaoshwa, Kaloleni ilikuwa inajua Munyao alivyotembea kinyumenyume mbele ya wazungu, na watoto walikuwa wanajaribu kutembea hivyo njiani.

*

Jumamosi asubuhi Mable alimkuta baba yake kibarazani anapiga viatu rangi. Alikuwa msichana wa maneno machache, mrefu kama yeye. Walikuwa hawajazoeana vya kutosha kuweza kukaa kimya pamoja, kwa hiyo akauliza upesi.

"Baba, wakiniuliza kama mbuzi wapokewe, niseme nini?"

"Unampenda huyo mwalimu?"

"Ndiyo."

"Sema ndiyo."

"Na ikiwa anayeuliza si wewe?"

Brashi ikasimama juu ya kiatu. "Sema ndiyo vilevile," Noah akasema.

Watu wa Mghange walifika wakiimba, wamechoka na mteremko, mikungu ya ndizi mabegani, na mbuzi wakivutwa nyuma. Uwanja ulijaa. Hata Mulei alikuja. Walikuja majirani walioitwa na wasioitwa, na kila jicho lilipomaliza kuwatazama wageni lilirudi kwa Noah, likashuka mpaka miguuni, kana kwamba ataanza kurudi nyuma wakati wowote. Susan alikuwa na kina mama upande wa moto. Hakuinua kichwa kutoka kwenye sufuria.

Mjomba wa Stephen, mzee wa kanisa mwenye kofia ya sufu, alisimama akashukuru Mungu kwa safari. Akasema wao ni watu wa mlimani na mambo ya Ukambani wanajifunza, wakikosea wasamehewe. Kisha akashika kamba za mbuzi mkononi, akatazama huku na huku.

"Sasa mtuambie," akasema. "Mwenye binti ni nani, tumkabidhi?"

Maundu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Angeweza kusimama. Hakusimama. Alitazama mbele yake, akamwachia Noah swali lote peke yake, na uwanja ukatulia hata mbuzi wakasikika wakicheua. Wageni wakaanza kutazamana. Yule mzee akadhani hajasikika, akauliza tena, kwa sauti ya juu kidogo.

Noah akasimama.

"Mpeni shemeji," akasema, akaelekeza kwa mkono. "Ndiye mwenye binti."

Ndipo Maundu akainuka, akazipokea kamba. Mable akaitwa katikati. Mjomba wake akamuuliza, mbele ya watu wote, kama mbuzi hawa wapokewe na waliwe. Mable akamtazama baba yake upande ule, akasubiri. Noah akainamisha kichwa, kidogo tu.

"Wapokee, mjomba," Mable akasema.

Vigelegele vikapaa. Visu vikatolewa, beberu akavutwa hadi kwenye majani, na vijana wakaita watu wa kushika miguu. Noah alivua koti. Alilikunja, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati huku akienda, kwa maana kuchinja alikujua na katika uwanja huo angalau kuna kazi ya mkono. Alikuwa ameshika mguu wa nyuma wa beberu wakati Maundu alipomgusa bega, kwa upole kabisa, mbele ya wakwe wapya.

"Hapana, hapana. Acha vijana," akasema. "Wewe keti, mgeni wetu. Umetoka mbali."

Kijana mmoja akauchukua ule mguu mkononi mwake. Mwingine akaleta kiti, akakiweka kivulini, pamoja na vile vya watu wa Mghange, na Noah akaketi. Baadaye kidogo Susan alikuja na birika na beseni, taulo begani. Wageni hunawishwa kwanza. Alianza na mume wake.